Punje Ndani ya Chuma

"Weka chini hicho kipande."

"Siweki."

"Nimesema weka chini. Hicho ni chakavu, kinakwenda kwenye lundo."

"Chakavu mwenyewe."

"Unasema?"

"Umenisikia. Mtu amekufa kwa hiki chuma, wewe unakiita chakavu. Una haraka ya kukifukia kuliko mlivyomfukia Bujiku."

Nyundo zote karakanani zilisimama. Mpaka yule wa kuzungusha feni ya tanuru aliacha kuzungusha, makaa yakaanza kufifia. Donatus, nyapara wa wahunzi, mtu mzima mwenye kitambi na kofia ya kaki ambayo alikuwa haivui mpaka afike mlangoni pa kanisa, alimtazama Maige kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia jikoni. Maige naye akamkazia macho. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mikono mirefu, mdomo usio na mlango. Shule ya misheni aliiacha darasa la nne, siku alipomwambia mwalimu wa hesabu kwamba amejumlisha vibaya. Na kweli mwalimu alikuwa amejumlisha vibaya, lakini viboko alikula Maige. Hakurudi tena.

"Inakuhusu nini wewe?" Donatus alisema. "Kesi imeisha. Nkwabi aliachia breki ya winchi, ndoo ikateremka na mawe yake, akashtuka, akabana breki ghafla, waya ukavutika, pini inayoshika ndoo kwenye waya ikakatika. Bujiku alikuwa chini shimoni, basi, imemwangukia. Bwana Miwani ameshaandika. Jumamosi inspekta anakuja kutoka Mwanza kumchukua Nkwabi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Bwana Miwani alikuwepo?"

"Maige, nakuonya."

"Hakuwepo. Huyo mhandisi wenu alikuwa anakunywa chai. Sasa tazama hapa, nyapara, tazama, hakiumi." Maige alimsogezea kile kipande cha pini mpaka karibu na pua. Kilikuwa kinene kama vidole gumba viwili, kimekatika katikati, upande wa kichwa haupo. "Pini nzima ukiivuta ghafla inapinda kwanza. Inakonda kiunoni kama shingo ya kibuyu, ndiyo inakatika. Hii imekonda wapi? Imekatika kavu, kama muhogo wa makopa. Na humu ndani ona punje. Zinang'aa kama chumvi ya mawe. Chuma kizuri hakina punje za kuhesabika kwa macho. Mtoto wa mhunzi yeyote anajua."

"Mtoto wa mhunzi!" Donatus aliwageukia wapiga nyundo, akitafuta wa kucheka naye, akapata wawili. "Baba yako alikuwa anapika mawe porini, bwana. Hapa ni mgodini."

Maige alikitia kipande mfukoni mwa kaptula, akatoka. Nyuma yake alisikia jina lake likiitwa mara mbili, ya tatu likiwa limechanganyika na tusi.

Ni kweli baba yake alikuwa anapika mawe. Mzee Mageni alikuwa Mrongo wa kule Uzinza, na Warongo walikuwa wanatoa chuma katika mawe mekundu zamani kabla hata Mzungu mmoja hajafika Geita kuulizia dhahabu. Mwaka huo wa hamsini na mbili wamebaki wachache, majembe ya dukani yamewamaliza. Lakini pale kwa mzee Mageni palikuwa na utaratibu mmoja ambao Maige aliukuta akiwa mdogo na hakuusahau. Jembe likivunjika, mwenye nalo halitupi. Analirudisha kwa aliyelifua. Mzee analishika, anapasua tena pembeni ya pale lilipovunjikia, anatazama ndani, halafu anasema neno moja mbele za watu wote waliopo. "Lako," maana yake umelipiga kwenye jiwe, nenda zako. Au "Langu," na hapo anawasha moto siku hiyo hiyo. Maige aliwahi kumwona akisema "Langu" mbele ya mtu aliyekuwa amemtukana mama yake mzazi. Alisema tu, kisha akainama kuokota makaa.

Nkwabi walikuwa wamemfungia kwenye kibanda cha mlinzi, kando ya geti. Alikuwa amekaa juu ya debe, mguu mmoja umefungwa mnyororo. Alipoingia Maige akainua kichwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeniletea sigara?"

"Sina."

"Basi umekuja kufanya nini, ng'wanone, mwanangu?" Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kumtoa mtu machozi. Nkwabi ndiye aliyempokea Maige alipofika kambini hajui mtu. Alimpa kona ya chumba, na mkewe Paskazia akawa anamwekea sahani kila jioni kama shemeji wa kuzaliwa. Mwaka wa tatu sasa. Na Bujiku, marehemu, alikuwa wa chumba cha pili, mtu wa Mhunze, mpole, ambaye kila asubuhi alimgongea Maige ukuta ili asichelewe kazini.

"Niambie ilivyokuwa. Usinifiche."

"Nikufiche nini? Ndoo ilikuwa inapanda, haishuki. Inapanda! Mkono wangu uko kwenye breki, sijaigusa. Nikasikia ta! Waya ukaruka juu mtupu. Ndipo nikabana. Nimewaambia, wanasema muongo. Wanasema nilikuwa nimelala." Akatema mate pembeni. "Miaka tisa naendesha winchi. Nilale siku hiyo?"

"Pini ilikuwa mbovu."

"Mimi pini naijua? Mimi najua winchi."

"Mimi naijua. Nitaisema mbele yao, Jumamosi, wapende wasipende. Aliyeifua ile pini ndiye atakayevaa huo mnyororo, kama ni Ulaya wakamfuate huko huko."

Nkwabi alimtazama. "Maige. Usiseme kwa hasira tu. Hasira zako zimekunyima shule. Sema kitu wasichoweza kukataa."

Hilo neno lilimuuma, lakini lilimpeleka mahali pazuri. Mgodi ulikuwa na maabara ya kupimia mawe ya dhahabu, na humo alikuwa Marselino, kijana wa Bukoba, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, anayejibu salamu kwa nyusi.

"Hapa hatupimi vyuma," Marselino alisema kabla Maige hajamaliza kufungua mdomo. "Tunapima mawe."

"Kwa hiyo hujui kupima chuma."

"Sijasema sijui."

"Umesema hampimi. Mtu anayejua kitu hukifanya. Hujui, sema hujui, nitoke."

"Wewe nani amekufundisha adabu?"

"Hakuna. Nipimie."

Marselino alikichukua kile kipande kwa hasira, akakitazama pale kilipokatikia, na hasira ikamwisha usoni kama moshi. Akakisogeza dirishani kwenye mwanga. "Mama yangu," akasema polepole. Hakumfukuza tena Maige.

Kazi ilichukua mchana mzima. Alikata kijipande kwa msumeno, akakisugua kwa msasa mkali, kisha msasa laini, kisha kitambaa chenye unga mweupe, mpaka chuma kikawa kioo na Maige akajiona pua ndani yake. Halafu akadondoshea tone la tindikali iliyochanganywa na spiriti. Kioo kikafifia, kikawa cha kijivu. Akakiweka chini ya darubini, akachungulia, akasogea pembeni.

"Tazama."

Maige aliinama. Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha akaona ardhi. Ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi, ule udongo mweusi unapokauka na kupasuka vipande vipande, kila kipande na mipaka yake. Vilikuwa vipande vikubwa, vichache, vimejaa kwenye kioo chote.

"Hizo ndizo punje," Marselino alisema. "Chuma chote ni punje zilizoshikana. Sasa tazama hiki." Alifungua droo, akatoa kijipande kingine kilichokwisha kusuguliwa, akakiweka. "Hiki ni mfano wa chuma hicho hicho. Fito za chuma zilipoletwa kutoka Ulaya walinipa kichwa cha ufito mmoja nikipime."

Maige aliona unga. Punje ndogo, nyingi, zimebanana kama dagaa kwenye gunia. "Hiki ni chuma kimoja na kile?"

"Kimoja. Kwa hiyo chuma kilikuja kizuri. Moto ndio umekiharibu. Hiki si chuma kitupu, wamekichanganya na nikeli. Ni kama ugali. Ukibadilisha unga, na moto unabadilisha, au siyo? Hiki hakitaki moto mkali. Kinataka wekundu tu, basi. Ukizidisha, punje zinaanza kulana. Kubwa inameza ndogo, mpaka zinabaki hizo ulizoziona. Na pale zinapopakana panakuwa dhaifu, ukipiga, panaachia hapo hapo. Aliyeifua hii pini alikipeleka moto mpaka kikawa cheupe. Mpaka kikatema cheche, nadhani." Marselino alitikisa kichwa. "Mjinga gani huyo?"

Maige hakuinuka kwenye darubini. "Hizo fito zilipakwa rangi kichwani?"

"Ndiyo. Kijani."

Alikaa vile vile ameinama, jicho moja limefumba, lakini alikuwa haoni tena punje. Alikuwa anaona ufito wa kichwa cha kijani ndani ya tanuru lake mwenyewe, miezi miwili nyuma, masika yakiisha. Pini kutoka Ulaya zilikuwa zimechelewa, wakaambiwa wafue nne. Donatus alisema ni za toroli. Maige ndiye aliyezifua, zote nne, na siku hiyo alikuwa na majivuno yake. Chuma cha baba yake, kile cha mawe, hakifuliki bila moto mweupe. Lazima kiive mpaka kirushe cheche kama nyota, ndiyo taka zinatoka ndani, ndiyo kinashikana. Usipokipeleka huko kinapasuka nyundoni. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Donatus alisimama nyuma yake siku ile akasema, "Inatosha, toa." Na Maige akamjibu, mbele ya wapiga nyundo wote, "Wewe moto umejifunza kwenye stovu ya Mzungu, niachie mimi." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Umepatwa na nini?" Marselino aliuliza.

"Nipe kipande changu."

Alimkuta Donatus nje ya karakana, anakunywa uji kwenye kopo.

"Ulisema ni za toroli!"

Donatus hakuuliza nini. Aliweka kopo chini. "Tatu zilikwenda kwenye toroli."

"Na moja?"

"Pini ya ndoo ilikuwa imelika. Bwana Miwani akasema weka mojawapo ya zile. Nikaweka. Unataka niseme nini?"

"Ulijua ni ya kwangu. Siku zote tatu umejua! Unanitazama nabeba hicho kipande kama kichaa, unasema tupa, tupa!"

"Nilikuwa nakuokoa, mpumbavu wewe."

"Ulikuwa unajiokoa! Nani alikuwa na karatasi ya maelezo ya kile chuma? Fito hazikuja bila karatasi."

"Ilikuwapo. Ya Kiingereza. Iko kwenye droo ya Bwana Miwani, nilimwuliza, akasema chuma ni chuma, fanyeni haraka." Donatus alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda kweli. "Na hata ningekuwa nayo, ungenisikia? Nilikwambia inatosha au sikukwambia? Ukanifanya kichekesho mbele ya vijana wangu. Nikasema basi, acha aunguze. Sikujua itaua mtu. Mungu wangu anajua, sikujua."

Maige alitamani kumpiga. Ngumi ilishakunjwa. Lakini ingetua wapi? Tumboni kwa Donatus, na yale maneno ya stovu yangebaki yamesemwa.

"Nyamaza," Donatus alisema, sasa kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Nkwabi atakaa ndani mwaka, miwili, atatoka. Wewe una mkono mzuri. Bujiku harudi. Nani anafaidi ukisema?"

"Toka mbele yangu, Donatus."

Hakumwita nyapara wala mzee. Jina tupu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kengele, Maige alikwenda kwenye reli za toroli na spana. Wasukumaji wa toroli walimjia juu: unafungua nini, nani amekutuma, leo tunasukuma kwa vichwa? Aliwatukana wote kwa pamoja, akafungua pini tatu, akazitia kwenye gunia. Pale kwenye kichwa cha kila moja palikuwa na mikato mitatu midogo ya patasi. Alama ya mzee Mageni. Alikuwa ameambiwa asiiweke, akaiweka.

Ofisini inspekta alikuwa ameshafika, Mzungu kijana aliyechomwa na jua, anajua Kiswahili cha kuamuru. Bwana Miwani alikuwa pembeni yake na karatasi zake. Donatus alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, kumbe inavulika. Nkwabi katikati, na mnyororo. Maige aliingia bila kubisha, akaweka gunia juu ya meza, wino ukamwagika.

"Toka!" Bwana Miwani alifoka.

"Nitatoka. Kwanza njooni nje wote, mwone kitu."

"Huyu nani?" inspekta aliuliza.

"Mimi ndiye ninayejua kwa nini ndoo imeanguka. Ukitaka kumpeleka mtu Mwanza, peleka yule wa haki. Kuja hadi nje ni hatua kumi. Umetoka Mwanza, hatua kumi zitakushinda?"

Askari walishamshika. Lakini inspekta alikuwa anakitazama kile kipande cha pini alichokishika Maige, na kingine kama hicho kilikuwa mezani pake, nusu ya pili. Akasema, "Mwacheni."

Nje palikuwa na jiliwa la kubania vyuma, limefungwa kwenye gogo. Maige alibana ufito wa kichwa cha kijani aliouchukua karakanani, mpya, ambao haujaona moto. Akaupiga nyundo nzito. Ukapinda. Akaupiga tena, ukapinda zaidi, mpaka ukawa ndoano, na haukukatika. Akaufungua, akautupa miguuni kwa Bwana Miwani.

"Hicho ndicho chuma kilichokuja."

Akabana pini ya kwanza kutoka kwenye gunia. Akapiga mara moja tu. Ta! Kichwa kikaruka kikamgonga askari mguuni. Nkwabi aliposikia ule mlio alishtuka na mnyororo wake, akasema kwa sauti, "Huo! Huo ndio niliousikia!" Maige akabana ya pili. Ta! Ya tatu. Ta! Kisha akaviokota vipande, akavipanga juu ya gogo, sehemu iliyokatika ikitazama jua. Vikang'aa vyote namna moja.

"Marselino wa maabara amekiona kile cha ndoo kwa darubini, muulizeni. Punje zimelana. Moto ulizidi. Hakuna breki hapa, hakuna aliyelala. Ukivuta taratibu itakatika, ukivuta ghafla itakatika. Ilikuwa inangoja siku tu."

Inspekta aliinama, akapitisha kidole juu ya zile punje. "Nani amezitengeneza?"

Bwana Miwani alimtazama Donatus. Donatus alitazama ardhi. Pale ndipo Maige alipojua kwamba bado angeweza kusema "karakana" na kunyamaza, wakagawana wote. Angeweza kusema karatasi iko kwenye droo ya huyu hapa. Na hilo angelisema, tena kwa kelele. Lakini liliendana na lingine, na lile lingine lilitakiwa litangulie.

"Yangu," akasema.

"Nini yako?"

"Pini. Zote nne. Mimi ndiye niliyezifua, mikato mitatu hiyo ni ya kwetu. Nyapara aliniambia inatosha, nikamcheka. Na karatasi inayosema moto wake iko kwenye droo ya Bwana Miwani tangu chuma kimefika, hakuna aliyetusomea. Andika yote mawili! Usiandike moja ukaacha jingine, nitakufuata Mwanza kwa miguu!"

Bwana Miwani alianza kuongea Kiingereza, haraka haraka, uso umemwiva. Inspekta alimnyamazisha kwa mkono, akaandika. Aliandika muda mrefu. Mwishowe akamwashiria askari, mnyororo ukafunguliwa mguuni kwa Nkwabi, ukaletwa kwa Maige. Maige alitoa mguu mwenyewe.

Nkwabi alisugua kifundo chake. Halafu akasogea mpaka kwenye gogo, akaokota kipande kimoja, akakitazama ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Kaka," Maige alisema. "Sikujua. Ningejua..."

"Bujiku alikuwa anakugongea ukuta," Nkwabi alisema.

"Najua."

"Kila asubuhi."

"Kaka, nimesema ukweli. Nimeusema mbele yao wote."

"Umesema. Nimekusikia." Sauti ya Nkwabi haikuwa ya hasira wala ya shukrani, na Maige angeomba hata tusi. "Na mke wake Bujiku atakuja kesho kuchukua nguo zake. Nitamwambia nini, nyundo ilikuwa ya nani? Ya yule anayekula kwangu?"

Alikiweka kile kipande kiganjani mwa Maige, akamkunja vidole juu yake kama mtu anayempa mtoto kitu asikidondoshe. Kilikuwa cha moto kwa jua. Kisha Nkwabi akageuka, akapita katikati ya wale askari bila kumuaga yeyote, akaenda zake kuelekea kambini, akichechemea ule mguu uliokuwa na mnyororo.